Wiki ya Kurithishana

Rugaibula alikuwa mgahawani Hamugembe, chapati mkononi, aliposikia mtu wa meza ya nyuma akilalamika kwamba ana ndugu wengi mno. Akaacha kutafuna. Katika miaka kumi na miwili ya kuishi kwa mdomo wake alikuwa amewauzia watu viwanja vilivyokwisha kuuzwa, mashamba yaliyokuwa chini ya maji, na dawa ya kuzalisha vanila kwa siku tisa. Miaka hiyo yote ilimfundisha jambo moja: mtu anayelalamika kwa sauti yuko tayari kulipa.

Mlalamikaji aliitwa Mutalemwa, mkulima wa kahawa kutoka Izigo, aliyekuja Bukoba kununua mabomba ya maji. Alikuwa akimsimulia mwenye mgahawa habari za Krismasi. Kila Desemba ndugu zake hurudi nyumbani kutoka Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko, na wake zao, na watoto ambao hata majina yao hajayashika. Hulala sebuleni, hulala jikoni. Mwaka uliopita shemeji mmoja alilala ndani ya gari lake, akaamka miguu imevimba.

"Ndugu zangu nawapenda," alisema Mutalemwa. "Lakini ningepata pa kuwaweka wiki ile moja tu, ningetoa chochote."

Rugaibula akafuta vidole, akanyoosha tai, akavuta kiti.

"Samahani, mzee wangu, waitu, sikusudii kuingilia," alisema kwa unyenyekevu wa Kihaya, naye alikuwa ameshaingilia mpaka kwenye sahani ya mwenzake. "Mimi ni Meneja wa Mapumziko, Kanda ya Ziwa. Hicho unachokitafuta ndicho tunachokiuza."

Cheo hicho kilikuwa na umri wa dakika moja, lakini kilitoka mdomoni kimekomaa. Uongo wa Rugaibula haukuwa wa kukurupuka. Hata ukizaliwa ghafla, ulizaliwa umefuliwa na kupigwa pasi.

Akaeleza. Nyumba ni ghali, nani asiyejua? Basi mtu hanunui nyumba, ananunua wiki. Kando ya ziwa pale Bukoba kuna nyumba ya vyumba sita, vyoo vya ndani, maji ya moto. Wenye nyumba ni hamsini na wawili, kila mmoja na wiki yake. Mutalemwa atachukua wiki ya Krismasi. Atalipa mara moja, na wiki itakuwa yake mwaka huu, mwakani, na kila mwaka mpaka dunia iishe.

"Na nikifa?" aliuliza Mutalemwa.

"Anairithi mwanao."

"Wiki inarithiwa?"

"Kama kibanja cha migomba."

Mtu aliyekulia kwenye migomba iliyopandwa na babu wa babu yake, ukimtajia neno kurithi, damu yake husimama kusikiliza. Kabla chai haijapoa alikuwa ametoa namba ya simu na kueleza njia ya kwao.

Nyumba yenyewe ilikuwepo kweli, na hapo ndipo ulipokuwa uzuri wa mpango. Ilikuwa ya mama mmoja aliyeishi Mwanza, aliyeikodisha kwa siku kwa watu wenye harusi na wageni. Aliyeitunza ni mwanamke aitwaye Theopista. Rugaibula aliwahi kuingia humo mara moja, kwenye harusi ambayo hakualikwa.

Jumatano akafika Izigo na vipeperushi vya rangi. Alipokelewa na watu watatu: Mutalemwa, mkewe Annastella, na mama mzazi wa Mutalemwa, Bibi Kokwijuka, mwenye miaka themanini na mmoja na macho ya kuhesabia kuku gizani. Bibi akampa kahawa ya kutafuna, akamwacha atafune kwanza.

Annastella ndiye aliyefungua mlango wa vita. Fedha aliyotaka kuitoa mumewe ilikuwa imewekwa kwa ajili ya bafu la mama, ndani ya nyumba, ili asitoke tena nje kwenye utelezi wakati wa mvua. Mwaka ule alikuwa ameanguka mara mbili.

"Bafu litasubiri mwaka mmoja," alisema Mutalemwa.

"Litasubiri. Mama naye atasubiri kuanguka?"

"Nanyi mnanizika nikisikia," alisema Bibi Kokwijuka. Akamgeukia mgeni. "Mwanangu, hiyo wiki iko wapi?"

"Bukoba, mama. Kando ya ziwa."

"Iliyoko ziwani ni nyumba. Nauliza wiki."

Rugaibula akafikiri. "Iko Desemba, mama."

"Ina migomba?"

"Ina mandhari."

"Yanapikwa?"

"Yanaangaliwa, mama."

Bibi akatikisa kichwa kwa huruma. "Na mtu akifia ndani ya wiki hiyo, anazikwa humo?"

Rugaibula alikuwa ameulizwa maswali na mawakili, na polisi, na mara moja na mchungaji, wala hakuna lililompata bila jibu. Hili nusura limpate. "Kufa anaruhusiwa," alisema taratibu. "Kuzikwa, mama, pale sakafu ni ya marumaru."

"Basi si kibanja."

"Ni kibanja cha kisasa."

"Na wiki inayofuata ni ya nani?"

"Ya mtu mwingine."

"Kwa hiyo nikichelewa kuamka siku ya mwisho, nimelala kwenye wiki ya watu."

Mutalemwa alikuwa akiangalia miguu yake kwa aibu. Annastella, ambaye hakuwa akiona aibu hata kidogo, akasema, "Kama hiyo wiki ni nzuri hivyo, tukailale kwanza. Hata ng'ombe mtu humwangalia meno."

Rugaibula akatabasamu. Samaki mkubwa hutaka chambo kikubwa. "Siku mbili," alisema. "Bure kabisa. Kampuni inagharamia malazi na chakula."

Jumamosi akasimama mlangoni kwa Theopista, ameshalipia siku mbili, akisubiri watu watatu, labda wanne. Likaja Fuso. Wakashuka kumi na tisa. Walishuka na masufuria, mikungu minne ya ndizi, kuku wawili hai na shangazi mmoja kutoka Rubya, Benadetha, aliyebeba mto wake mwenyewe kwa sababu haamini mito ya watu.

"Uamuzi ni wa ukoo," alieleza Mutalemwa. "Ukoo lazima ulale."

Bibi Kokwijuka aliingia bafuni saa nane mchana akatoka saa tisa na nusu, amepungua miaka kumi. "Nani anafuata?" aliuliza, na ikapangwa foleni. Rugaibula akaenda sokoni kununua sato, kwa maana ndizi bila kitoweo ni matusi, na kampuni ilikuwa imeahidi. Aliporudi alimkuta bibi ameketi jikoni na Theopista, wanamenya ndizi na kucheka hadi machozi. Akafurahi. Mteja anayecheka, alijiambia, ameshanunua nusu.

Jumapili jioni wakakusanyika sebuleni kwa kutia saini. Mutalemwa alikuwa na bahasha ndani ya koti, Rugaibula aliiona imetuna. Kalamu ikatoka. Mkataba ukafunguliwa ukurasa wa mwisho.

"Ngojeni," alisema Bibi Kokwijuka. "Lwakatare hayupo."

Mutalemwa akainua kichwa. "Mama, Lwakatare yupi?"

"Baba yako mdogo, Lwakatare. Unaye mwingine?" Akamtazama mwanawe, akamtazama kwa muda mrefu. "Toka lini jambo la ukoo likaamuliwa bila Lwakatare?"

Mutalemwa akafumba mdomo. Akairudisha kalamu mezani, akainamisha uso. Shangazi Benadetha akajifunika kinywa kwa upande wa kitenge. Rugaibula aliguswa. Siku hizi ni nadra kuona familia inayowaheshimu wazee namna ile.

"Yuko wapi huyo mzee?" aliuliza.

"Biharamulo," alisema Annastella. "Nitampigia sasa hivi." Akatoka barazani na simu, akarudi. "Anaondoka kesho asubuhi."

Siku moja tu. Rugaibula akamlipa Theopista siku moja.

Jumatatu Annastella akatoka barazani na simu, akarudi na habari kwamba gari la Mzee Lwakatare limepata pancha. Jumanne tairi ilikuwa imezibwa lakini mvua ilikuwa imeharibu njia. Jumatano mzee alikuwa amepata lifti, ila mwenye lifti alikuwa na msiba wa mkwewe na alipaswa kupitia huko kwanza. Kila habari ilikuja na sauti ya masikitiko, na kila habari ilimtoa Rugaibula siku nyingine ya kodi, samaki wengine, sukari nyingine, na kwa ombi maalumu la bibi, senene wa kukaanga wa kutosha watu kumi na tisa.

Fedha ya mfukoni iliisha Jumatatu mchana. Akampigia jirani yake wa Hamugembe, Rahima, amuuzie televisheni. Jumanne likauzwa friji. Jumatano yakauzwa makochi.

"Kaka Rugaibula," aliuliza Rahima, "unahama?"

"Nawekeza," alijibu.

Aliijua vizuri hali aliyokuwa nayo. Ndiyo iliyomlisha miaka yote: mtu akishatoa kidogo, hutoa kingine ili kile cha kwanza kisipotee, kisha hutoa cha tatu kuviokoa vile viwili. Aliijua kama daktari anavyoijua malaria, na kama baadhi ya madaktari, aliamini ni ugonjwa wa wagonjwa.

Wakati huo ukoo ulinawiri. Asubuhi walitembea ufukweni. Mchana walilala. Jioni wanaume walicheza bao, na wanawake walimfundisha Rugaibula kumenya ndizi kwa kasi, maana mikono yake, alisema shangazi Benadetha, ilikuwa laini kama ya mtu asiye na kazi. Akamenya. Kufikia Alhamisi alikuwa amekwisha kuharibu tai yake kwa utomvu.

Ijumaa uvumilivu ukamtoka. "Dada Annastella," alisema, "nipe hiyo simu niongee na mzee mwenyewe."

Annastella akamtazama kwa majonzi makubwa. "Kule aliko mtandao ni shida sana, waitu."

Jumamosi alfajiri Fuso likarudi. Masufuria yakapakiwa. Kuku wawili walikuja wazima na wakaondoka wazima, kwa sababu samaki walikuwa wa bure. Rugaibula akasimama kwenye ngazi, mkataba mkononi.

"Mama, na Mzee Lwakatare?"

"Ameshindwa, mwanangu," alisema Bibi Kokwijuka. "Kule aliko hawamruhusu kutoka."

"Ni kazini?"

Bibi akafikiri kidogo. "Wakishakupokea kule, ndiyo basi. Na bila yeye hatuwezi kusaini, umeona mwenyewe." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru, akasaidiwa kupanda mbele. Kisha akamwambia mwanawe, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Bafu langu nalitaka na maji ya moto kama haya. Jumatatu fundi awepo."

"Atakuwepo, mama," alisema Mutalemwa. Alipomuaga Rugaibula hakumtazama usoni, na midomo yake ilikuwa ikitetemeka. Rugaibula alidhani analia.

Gari lilipopotea, akarudi ndani kukabidhi funguo. Theopista alikuwa akifagia magamba ya samaki.

"Huyu Lwakatare wao," alisema Rugaibula, "ni askari magereza?"

"Lwakatare yupi?"

"Baba mdogo wa Mutalemwa. Wa Biharamulo. Tuliyekuwa tunamngoja."

Theopista akauweka ufagio chini, akakaa juu ya ndoo. "Mzee Lwakatare? Tulimzika nikiwa darasa la sita. Mimi ni wa Izigo, kaka yangu. Bibi Kokwijuka ndiye msimamizi wangu wa kipaimara."

Rugaibula akaziweka funguo mezani.

"Siku ile ya kwanza aliniuliza kama ni kweli nyumba hii ina wenyewe hamsini na wawili," aliendelea Theopista. "Nikamwambia ina mmoja, yuko Mwanza, na anakodisha kwa siku. Akauliza nani anayelipa. Nikamwambia wewe. Alicheka mpaka kisu kikamwanguka."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na ulikuwa unalipa vizuri."

Rugaibula akatoka barazani. Pancha, mvua, lifti, msiba wa mkwe, mtandao. Hayakuwa maneno mageni. Alikuwa ameyatumia mwenyewe, kwa mpangilio uleule, kwa mtu wa Kamachumu aliyengoja trekta miezi minne. Hasira ikampanda, na nyuma ya hasira kikaja kitu kingine kilichofanana sana na heshima ya fundi kwa fundi mwenzake.

Akapiga namba ya Annastella. Akapokea bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sisi ndiyo tunaingia nyumbani."

Alikuwa amepanga hotuba yenye polisi ndani yake, na mwanasheria, na neno utapeli mara tatu. Sasa, neno la kwanza likiwa ulimini, aliona ilivyo. Angemshitakia nani, kwamba watu aliotaka kuwaibia wamemlia samaki wake?

"Mama, nimesikia habari za Mzee Lwakatare."

"Umesikia nini?"

"Kwamba ni marehemu."

"Ni kweli," alisema bibi kwa utulivu. "Kifua kilimsumbua sana."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, Rugaibula alitafuta la kusema akakuta kinywani mna neno moja tu, lile ambalo kila mtu aliyelelewa hulitoa hata asipotaka.

"Poleni sana, mama."

"Tumeshapoa, mwanangu," alisema Bibi Kokwijuka. "Nawe umemlilia vizuri. Umelisha ukoo wiki nzima. Kuna ndugu zake wa damu ambao msibani hawakuleta hata kilo ya sukari."