Karanga za Kuning'inia

Jumamosi, 3 Mei
Maua! Kumi na tisa, ya manjano, madogo kama vifungo vya shati la mtoto. Nimeyahesabu mara mbili. Nimeyatazama, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mpaka chai ikapoa. Nyumba nzima ni ya mke wangu. Kona hii nyuma ya jiko ndiyo yangu, hatua nane kwa tatu. Ila ameweka sharti: mama yake akija Julai asipokuta bakuli moja la karanga, kona inakuwa ya viazi vitamu vyake. Nimemwambia aandae mabakuli mawili.

Jumatatu, 12 Mei
Balaa! Maua, ambayo yalizidi kuongezeka kila siku, yamenyauka, na mahali pake vimechomoza vikonyo vyembamba vinavyoinama chini. Vimekata tamaa. Kwa jirani, fundi cherehani, vingine vimeshazama udongoni, naye anapiga mluzi tu. Nimewaza sana, nimekaa juu ya ndoo yangu. Nimeelewa. Karanga huingia ardhini kwa kukosa wa kuzishika mkono. Zikishikwa, zitazaa hewani. Safi, bila tope, bila jembe! Nikafumba macho nikaziona zikining'inia kama hereni, upepo ukizigonganisha polepole. Nimechelewa kazini.

Jumanne, 13 Mei
Nimeomba uzi kwa fundi. Akauliza wa nini. Siri ya kitaalamu, nikamjibu. Akanipa mweusi, mwingi, bila kusita. Nimefunga vikonyo sitini na vinne kwenye vijiti. Mke wangu akachungulia dirishani: baba watoto, karanga nazo unazishonea suruali? Nikaendelea kufunga. Wagunduzi hawajibu.

Jumatano, 18 Juni
Vikonyo vimekauka kidogo. Vinakusanya nguvu. Kila jioni fundi huja kwenye uzio kutazama, siku hizi na wateja wake. Wivu huo!

Jumamosi, 12 Julai
Mama mkwe amefika. Tumeng'oa yote. Mashina kumi na moja: uzi mtupu. La kumi na mbili, kule kwenye bomba, nilisahau kulifunga. Karanga ishirini na tatu! Mama mkwe akaziosha, akazimimina bakulini. Hazikufunika hata ua lililochorwa chini yake. Akauliza kwa upole: mwanangu, hili moja ulilikosea nini? Fundi, ng'ambo ya uzio, ilibidi aketi chini. Kisha akatuletea sufuria ya karanga zake za kuchemsha. Nilikula mbili kwa adabu. Halafu nyingi.
Kona imekwenda. Ndoo pia, mke wangu anachotea maji.

Jumapili, 20 Julai
Nimetafakari wiki nzima. Kosa ni rangi! Uzi mweusi hunasa jua, ukavichoma vikonyo. Wazo lenyewe halina doa.
Mke wangu amepanda viazi vyake. Marando yamelala chini, maskini, hayana wa kuyashika. Nikafumba macho: viazi vikubwa, vyekundu, vikibembea dirishani.
Alipokwenda sokoni nikaenda kwa fundi kuomba uzi mweupe. Alikuwa ameshauweka tayari.