Moyo wa Mama Mdogo kwenye Saa Yangu

Jumatatu, 4 Novemba
Nimetoka kliniki, Nachingwea. Dada Josephina, mshauri wangu wa mambo ya hofu, kanifunga saa mkononi. Moyo ukienda mbio, saa inatetemeka na simu inaniongoza kupumua. Vipimo anaviona yeye hukohuko. Mungu ambariki. Ila kanipa zoezi: Jumamosi nisome bei ya ghala moja mnadani, mbele ya wakulima wote wa korosho. Mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika kaafiki. Nikishindwa, ukarani wangu anapewa Filbert, mwenye sauti isiyohitaji kipaza.

Jumanne, 5 Novemba
Nimepata akili. Vipimo vikitulia, Josephina ataona nimepona, zoezi litafutwa. Saa nimemvisha Mama Mdogo Ashura, ninayeishi kwake hapa Nkowe. Huyu hufukuza nyoka kwa ufagio huku anasonga ugali. Aliuliza kama inauma. Haiumi. Akasema basi, mkono huu hapa.

Alhamisi, 7 Novemba
Balaa. Jana Mama Mdogo alikwenda kwenye ngoma ya kumcheza mwali, akacheza mchana kutwa. Josephina kapiga simu kwa furaha. Akasema: moyo umedunda vile na saa hukuivua, mdogo wangu? Umeikabili hofu, umekomaa. Sasa usome bei za maghala yote. Nikashukuru.

Jumamosi, 9 Novemba
Mnada. Simu yangu iliunganishwa na spika, ipige muziki watu wakikusanyika. Nikapewa karatasi ya bei. Nikaikunja, nikaikunjua, bila kusoma hata bei moja. Filbert akasimama, akasafisha koo. Mama Mdogo, mstari wa mbele, saa mkononi, korosho zake ghalani, moyo ukamwenda mbio. Spika ikasema kwa upole: vuta pumzi, ibakize kifuani, itoe.

Wakulima wakavuta. Wakatoa. Walidhani ni utaratibu mpya. Mzee Eusebio akanung'unika kwamba sasa makato yamefika hadi kwenye pumzi. Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka, na kicheko kikanifungua koo. Nikasoma. Maghala yote. Wakaitikia kwa pamoja kwamba wamekubali. Filbert akanipa mkono, shingo upande. Nashukuru hata kwa huo.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimempelekea Josephina jogoo. Bila yeye nisingekuwa na kazi, na nimemwambia hivyo. Kafurahi, kanipa zoezi jipya: nikamsalimie Amna wa duka la dawa, ambaye nikimwona nahama barabara.

Saa, niliyoivaa kwenda kliniki tu, nimemrudishia Mama Mdogo. Anasema Jumatano kuna ngoma nyingine. Vizuri sana. Josephina ataona moyo unavyodunda, atajua nimefika kwa Amna.