Huria kwa Wote, Isipokuwa Shemeji

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kupima Leseni za Programu Huria.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUKATALIWA KWA LESENI YANGU KWA SABABU YA MTU MMOJA TU

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wajumbe wako wote, hata yule aliyepiga mstari mwekundu chini ya kifungu changu cha tatu. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimetengeneza programu ya kompyuta ya kupanga zamu za wauguzi, na nimeitoa bure kwa leseni niliyoiandika mwenyewe. Hospitali anayofanyia kazi mke wangu inaitaka, ila utaratibu wao ni kwamba hawaweki programu yoyote ya bure mpaka Kamati yako iseme ni huria kweli, yaani kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuifungua aone ilivyoundwa, kuibadili na kuigawa. Mmenijibu kwamba yangu si huria. Jibu lenu nililisoma nimesimama, nikalisoma tena nimekaa, halikubadilika.

Kabla sijalalamika, jueni kinachonichoma. Wodini kwa mke wangu zamu hupangwa kwa chaki ubaoni, na ubao haukumbuki nani alikesha jana. Wiki hii amekesha usiku kucha, na kulipokucha akakuta jina lake tena kwenye zamu ya asubuhi. Aliyepanga aliomba radhi, tena kwa dhati. Mke wangu anarudi nyumbani miguu imevimba, ananiuliza programu imefikia wapi, nami namjibu kwamba ipo kwenu. Naona aibu, Ndugu Mwenyekiti.

Kifungu chenyewe cha tatu kinasema: "Binadamu wote wanaruhusiwa kutumia programu hii, isipokuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye haruhusiwi hata kuitazama." Sababu ninayo. Mbele ya wakwe zangu, sahani zikiwa mezani, alisema programu yangu ni daftari lililovalishwa tai. Mama mkwe alicheka mpaka akashika meza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnasema leseni inayobagua hata mtu mmoja si huria. Chukueni watu wote duniani, toeni mmoja, kisha kadirieni jibu kwa bilioni iliyo karibu. Shemeji hayupo. Hesabu imeshamwondoa yenyewe, mimi nimeandika tu matokeo. Wanafunzi wangu wanalijua hili, hata wale wa viti vya nyuma.

2. Kifungu cha nne kinakataza kutumia programu kwa nia mbaya, na kinaeleza kwamba nia itapimwa na mimi. Mmejibu kuwa hakuna hospitali inayoweza kutegemea programu ambayo hakimu wake ni mwalimu mmoja aliyekaa sebuleni kwake. Lugha hiyo imenisikitisha. Mimi hupatikana kila siku jioni baada ya vipindi, na Jumamosi mchana kutwa. Nionyesheni hakimu mwingine anayepatikana hivyo.

3. Hili la leseni kutopatana ndilo lililoninyima usingizi. Sehemu ya kalenda sikuiandika mimi. Niliichukua kwenye programu ya watu wengine, ambayo ni huria kama mnavyopenda ninyi. Leseni yao inasema atakayeunganisha kazi yao na yake autoe mchanganyiko wote kwa uhuru uleule, asiongeze sharti hata moja. Kwa hiyo, mnasema, leseni yao na yangu haziwezi kukaa nyumba moja. Kwanza, mimi na mama mkwe tulikaa nyumba moja msimu mzima wa mvua, na hakuna aliyeita Kamati. Pili, huo uhuru wa kugawa mnaousifu nimeuona kwa macho yangu. Shemeji aliazima ngazi yangu. Akamwazimisha jirani yake kwa masharti yaleyale, jirani akamwazimisha fundi wa dari kwa masharti yaleyale. Leo ngazi yangu ni huria kabisa, nami nabadilisha balbu nikiwa juu ya stuli iliyo juu ya meza.

4. Mnanishauri nikifute kifungu cha tatu kwa kuwa "ni mstari mmoja tu". Kama ni mstari mmoja tu, mbona umewashinda kuuvumilia? Tena mnaongeza kwamba, kwa habari mlizopata, shemeji ndiye fundi pekee wa kompyuta pale hospitalini, na kama haruhusiwi kuitazama programu hakuna mwingine wa kuiweka. Hilo nalijua. Ufunguo wa chumba cha kompyuta anao yeye. Lakini hilo ni suala la funguo, si la leseni, na lipelekwe kwa fundi wa makufuli.

5. Kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta dawa, naomba Kamati ichague moja kati ya mawili. Ama shemeji atambuliwe rasmi kuwa kirusi cha kompyuta, maana sijasikia leseni iliyolaumiwa kwa kubagua kirusi. Ama, mkiona hilo ni kali, leseni zote huria duniani ziongezewe kifungu changu cha tatu, neno kwa neno. Siku hiyohiyo zote zitapatana na yangu. Atakayeumia ni mmoja, naye ni mtu wa kucheka.

Najua mtasema uhuru wa wote isipokuwa mmoja si uhuru. Mke wangu naye kasema hivyohivyo, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. Nilimwambia yeye ni dada mtu, hawezi kutoa hukumu ya haki. Alikuwa ameshalala palepale kitini. Nikamfunika khanga, nikaja kuandika nikiwa na hasira zaidi.

Nakomea hapa, nikingoja haki yangu. Nisalimie wajumbe wote, katibu aliyeandika jina langu bila kosa, na mlinzi wa langoni anayepokea bahasha zangu kwa moyo mweupe. Mwenye kalamu nyekundu naye asalimiwe, ila kwa ufupi.

Mimi niliyekataliwa,
Mwalimu wa Hesabu.

Tanbihi: Barua hii haikutumwa siku ilipoandikwa. Asubuhi yake mke wangu aliamka akaenda kazini amevaa kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia, na hakujua. Nilimwona akiishia kona ya mtaa, nikashindwa kumwita. Nikafuta kifungu cha tatu, na mkono ulipokuwa umeshakolea nikafuta na cha nne. Leseni mpya nimeiambatanisha. Shemeji nilimpigia simu mwenyewe, na sasa yuko hapa sebuleni anaiandaa programu ili mkiipitisha tu aiweke. Ameshaibadili: muuguzi akipangiwa zamu mbili mfululizo inakataa, hata mkuu wa wodi abembeleze vipi. Ni kitu ambacho mimi sikukifikiria. Kisha ameandika jina lake juu ya langu. Nimeisoma leseni upya nikitafuta pa kumkatalia, sijapaona. Leo mke wangu ana mapumziko, amelala chumba cha pili, kwa hiyo tunagombana kwa kunong'ona. Tafadhali msichelewe.