Gobore la Matonya na Mawakili wa Kahawa

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na ya leo ilikuja na amri ya Mjerumani: kila mwenye gobore alipeleke bomani likapigwe muhuri, tena aende na mashahidi wawili, la sivyo linachukuliwa. Kufika alasiri, sisi wateja wa kahawa ya Batuli hapa Dodoma tulikuwa tumeshaishinda serikali mara kadhaa bila kuinuka mkekani.

"Haiwezekani," alisema Swedi, tunayemwita Wakili. "Kwao Ulaya kuna sheria kuu, hata Kaizari haigusi. Kila mtu na bunduki yake."

"Umeisoma?" Batuli aliuliza huku akimimina.

"Nilikuwa mfagiaji wa boma. Kitabu chenyewe nilikuwa nakipangusa vumbi kila siku."

"Kinene?" nikauliza, maana mimi hupenda mambo kwa undani.

"Kinene mno. Haki zote zimo."

"Na huyo kila mtu," Batuli akasema, "na wewe umo?"

Swedi alikunywa kahawa yake taratibu.

Halfani muuza chumvi, jina la kijiweni Mkuki, akadakia. "Bunduki ni ya mtu kama ndevu zake. Anayetaka yangu aje aichukue."

"Unayo?"

"Mimi nazungumzia haki, Batuli. Usinichanganye."

Kumbe baraza zima hatukuwa na bunduki hata moja. Silaha pekee ilikuwa kisu cha Batuli cha kukatia kashata, na hakuwa anatuazima.

Ndipo akaingia Matonya, mkulima wa Bahi, gobore begani.

"Mbukwenyi," alitusalimu kwa Kigogo. "Nguruwe pori wanamaliza mtama wangu. Wakinichukulia hili, wanangu watalala njaa. Boma lenyewe silijui liliko, lakini nimeambiwa hapa ndipo penye wajuzi wa haki. Naomba wawili tu, mkaseme ni langu, nimerithi kwa baba."

Kila mtu alikumbuka hamsa ishirini, vile viboko ishirini na tano anavyopigwa mbishi bomani.

"Mguu wangu huu," Swedi aliguna.

"Punda hajanywa maji," alisema Mkuki, akatoweka.

Matonya akanitazama mimi. Nilisimama kwa ghadhabu, nikatangaza kwamba huu ni uonevu na leo watanitambua, nikatoka kwa hatua za mtu anayekwenda kugombana na serikali. Nilipopita kona nikakata kwenda kwangu. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nainama kufungua mlango, nasikia mtu anahema nyuma yangu. Ni Matonya, na gobore lake.

"Baba," aliuliza kwa adabu, "boma ndilo hili?"