Salamu Iliyoniangushia Ndege

Leo nimeaibika jamani, na shahidi ni baba mkwe mtarajiwa.

Wanaonijua hapa Kibondo wanaijua sifa yangu moja: gemu la ndege za kivita. Nalicheza kwa Rama, mwenye duka la kutoa kopi, kwenye kompyuta yake kubwa yenye joistiki, ule mpini wa kuongozea ndege. Wateja huacha kopi zao wakanitazama. "Subirini," nawaambia, "sasa hivi wawili wanatokea kushoto, nyuma ya kilima." Na kweli wanatokea! Nawatungua. Wananiita Kamanda.

Siri ni kwamba ile kampeni, yaani mfululizo wa mapigano ninaoucheza kila siku, imepangwa mwanzo hadi mwisho. Kila misheni adui anatokea palepale, siku zote. Nimeikariri kama Baba Yetu. Najua hata kwamba ukishavuka mto kunakuwa shwari, kwa hiyo hapo huachia joistiki nikanywa chai. (Kamanda gani? Mkariri tu.)

Sasa kuna Edina. Tumekubaliana kuoana, lakini baba yake, Mzee Ntakije wa Busunzu, kasikia nashinda dukani nacheza. Akasema binti yake hampi mtu wa kuchezacheza. Edina akanitetea: "Baba, ule mchezo ni wa akili." Mzee akajibu kwamba leo akileta maharage mjini atapita ajionee mwenyewe.

Nikawahi dukani. Rama akaniangalia na tabasamu ambalo sikulipenda.

"Kamanda, leo tuweke ile kampeni nyingine, isiyopangwa. Vita vinajiendesha vyenyewe, adui anaamua kama wewe unavyoamua. Hata mimi sijui atatokea wapi."

Wateja wakashangilia. Ningekataaje?

"Weka. Vita ni vita." (Mdomo huu!)

Nikaruka. Vilima vilevile, mto uleule. Nikauvuka, na mwili wenyewe ukajua ni saa ya chai. Hapohapo Mzee akaingia.

Jamani, sisi Waha mkwe humsalimii kwa mkono mmoja huku mwingine una shughuli. Nikaachia joistiki, nikainuka, nikainama, nikapiga makofi taratibu kama nilivyolelewa.

"Mwakeye, Mzee."

"Mwakeye, mwana wanje. Wa kwenu hawajambo?"

"Hawajambo. Na huko Busunzu?"

"Wazima. Mvua tu ndiyo inatutesa. Mama yako mguu umepona?"

Salamu zetu hazikatizwi. Tulipita kwa mama, tukapita kwa ng'ombe, tukafika hadi kwa shangazi yangu aliyeolewa Kasulu. Nyuma yangu nasikia milio. Nasikia Rama ananiita, "Kamanda... Kamanda we!" Nami moyoni najiambia tulia, hapa hapana adui. Hapa hapajawahi kuwa na adui!

Mzee akanyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Na huyu anayeungua ni nani?"

Nikageuka. Ndege za adui zimejaa kila upande, na bawa langu moja limeshakwenda zake.

"Ni mimi, Mzee."

Nikairukia joistiki, nikakipiga kikumbo kikombe cha chai, chai ikamwagikia kopi za watu, na ndege ikajikita mlimani. Duka zima vicheko! Mzee peke yake hakucheka. Alikitazama kioo, akanitazama mimi, akamwita Mungu kwa Kiha, "Ewe Mana!" Kisha akaaga akatoka. Niliumia kweli. Ndege nitapata nyingine, Edina je?

Sasa hivi Edina amenipigia simu. Baba kakubali! Kasema mtu anayeacha ndege yake iungue ili amsalimie mkubwa, huyo adabu anayo. Wajomba zangu waje Jumapili kujitambulisha.

"Ila," akasema, nasikia kabisa anajizuia kucheka, "Baba kasisitiza, hiyo pikipiki ya kuja huku aendeshe mtu mwingine."

Msinicheke jamani. Nani ana nafasi Jumapili anipeleke Busunzu?