Mashine ya Kuhesabu Bakteria

Jumatatu, 4 Septemba 1995
Imefika! Kompyuta yenye kamera, hapa hapa maabara ya kiwanda chetu cha minofu ya sangara. Unaweka kisahani kilichooteshwa bakteria, inapiga picha, inahesabu yenyewe makoloni, yale madoa ya bakteria walioota. Mzee Farouk, meneja, katangaza: atakayeielewa kabla ya Ijumaa ndiye mkuu wa maabara. Tuko wawili tu, mimi na Nusrat. Nusrat! Anahesabu kwa macho, pembeni ya kila koloni anatia nukta ya maka peni chini ya kisahani, asilirudie. Mambo ya kale. Mke wangu Rebeka nimeshamwambia cheo ni changu.

Jumanne, 5 Septemba
Kitabu cha maelekezo kinene mno. Nimekilalia mchana, hakijaingia kichwani. Nikapata mbinu: nikavuta visahani ambavyo Nusrat amekwisha kuvihesabu, nikavipitisha kwenye mashine. Kila kimoja, mara mbili ya hesabu yake! Mbio kwa Mzee Farouk. Nikamweleza, kwa huzuni kubwa, kwamba dada yetu haoni vizuri.

Jumatano, 6 Septemba
Shehena imezuiwa, haiendi uwanja wa ndege. Mzee Ndalahwa, msimamizi wa wapakiaji, aliitikia shikamoo yangu kisha akauliza kama samaki wazima wa jana wameugua baada ya kufa. Nikamjibu sayansi haina utani. Barafu inayeyuka. Roho yangu kwatu.

Alhamisi, 7 Septemba
Aibu! Nusrat kaleta kisahani kitupu, hakina koloni hata moja, kakitia nukta tano mbele ya Mzee Farouk. Mashine ikasoma tano. Kumbe juzi ilihesabu makoloni na nukta zake pamoja! Akafuta wino wa kisahani kimoja cha vile vya juzi kwa spiriti. Kufumba na kufumbua, mashine ikakubaliana naye. Mzee Farouk akaniuliza, Masalu, wino hukuuona? Nikasema nilikuwa naipima mashine. Hata hivyo nilifurahi sana. Inafanya kazi kweli! Macho yetu yatapumzika.

Ijumaa, 8 Septemba
Mkuu ni Nusrat. Minofu imeruka salama. Hakunisema vibaya, ameahidi kunisomesha kitabu ukurasa kwa ukurasa. Kwa sasa tutaendelea kuhesabu kwa macho pia, tulinganishe, na mimi nifute nukta kabla ya picha. Kimoja kimoja! Nikafungua vifuniko, nikazamisha visahani vyote kwenye beseni la spiriti, nikasugua. Vimetakata ndani na nje. Mashine imesoma sifuri, sifuri, sifuri! Ziwa zima hakuna kiwanda chenye samaki safi hivi. Jumatatu nampelekea Mzee Farouk majibu haya mimi mwenyewe, kabla Nusrat hajafika.