Skelbeck Haishuki Daraja

Jumatatu, 18 Machi

Jumamosi! Jumamosi! Nimeandika mara mbili kwa sababu mara moja haitoshi. Mechi ya mwisho ya msimu wa raga, uwanjani kwetu Skelbeck, dhidi ya Hawthwaite. Mmoja atabaki Ligi ya Mabonde, mwingine anashuka daraja. Wao wametuzidi pointi mbili. Sare inawatosha. Sisi ni kushinda tu.

Mimi ni katibu wa mechi wa klabu hii, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Chini yangu Skelbeck haijashuka hata mara moja. Haitashuka.

Asubuhi Nigel Thexton alinipigia simu dukani. Nigel ni katibu wa mechi wa Hawthwaite na simpendi tangu darasa la tatu. Aliuliza, kwa upole wa kuudhi, kama ningependa ramani ya viwanja vya daraja la chini, maana anayo ya ziada. Nikamwambia aitunze, ataihitaji. Nikamkatia simu. Halafu nikakumbuka hatujapanga saa ya mechi. Ikabidi nimpigie tena. Aibu gani hii.

Mchana, pigo. Eric Stainton hachezi! Timu yetu haina mbio, haina mikono, haina ujanja. Tuna skramu tu: wanane wanainama, wanafunga vichwa na wanane wa upande wa pili, wanasukumana. Na skramu yetu ni Eric, mstari wa mbele, upande wa kulia. Mtu kama ghala. Lakini kondoo wake mia mbili na arobaini wanaanza kuzaa wiki hii. Nilimweleza historia yote ya klabu, amesimama mlangoni pa banda, mikono imeloa hadi viwikoni. Akaniambia, "Wilf, bwana, kondoo hawasomi msimamo wa ligi."

Bila mtu aliyefunzwa mstari wa mbele, refa anaamuru skramu za kugusana tu, marufuku kusukuma. Hapo tumekwisha.

Lakini nina mpango.

Jumanne, 19 Machi

Mpango ulikuwa Keith. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu Doreen. Mwenye bucha. Kilo mia na ishirini na tano, shingo hana. Aliwahi kucheza mstari wa mbele, ila ni miaka kumi na mmoja iliyopita. Nilimsajili asubuhi kabla sijamuuliza.

Mazoezi jioni. Keith alivaa kaptula yake ya zamani. Ilipanda nusu ya njia, ikagoma. Akainama mbele ya mashine ya kusukumia. Tukasikia kitu kikilia ndani yake, kama kufuli. Hakuinuka tena. Wakambeba vilevile amekunjika, wakampakia kwenye gari lake la nyama. Alikuwa akitamka jina langu njia nzima.

Doreen haongei nami. Chakula cha jioni kilikuwa mkate na jibini. Alikata mkate yeye mwenyewe, kwa nguvu, akinitazama.

Alhamisi, 21 Machi

Nimepata! Sijui kwa nini sikuliona hili mapema. Kichwa hiki!

Mechi ikiahirishwa, kanuni za ligi zinaisogeza hadi tarehe 13 Aprili. Kufikia hapo kondoo wa Eric watakuwa wameshazaa. Kinachotakiwa ni uwanja usiochezeka. Na maji yote ya uwanja wetu hutokea kona ya chini, kwenye kalavati moja dogo, yakaingia kijitoni. Moja tu!

Saa ya chakula nilichukua magunia sita ya mchanga stoo. Nafanya kazi duka la vyakula vya mifugo, hakuna anayemshangaa mtu mwenye gunia. Nikatambaa, nikayasukumiza ndani kwa miguu, moja baada ya jingine. Nilipotoka, matope hadi kifuani, mbele yangu vilisimama viatu. Viatu vya Hilda Fawcett. Hilda ni mwenyekiti wetu, tena mkuu wa jiko. Akikutazama unakiri hata usichotenda.

Akauliza nafanya nini humo. Nikasema nakagua kalavati. Kisha akasema afadhali klabu ina mtu mmoja anayejali uwanja, akanitolea pai ya nyama ya moto, akaniongezea na njegere. Nilikula yote. Ilikuwa tamu. Haya sikuona.

Tatizo moja: jua linawaka. Machi gani hii? Hakuna wingu.

Ijumaa, 22 Machi

MVUA! Mvua yenye adabu zake, nene, imeanza saa moja asubuhi na haijakata! Saa nne kona ya chini ilikuwa bwawa. Saa sita bwawa limefika katikati. Saa nane mabata wawili walitua mbele ya goli na kuanza maisha. Nilicheza densi dukani peke yangu. Mteja aliyekuja kununua dawa ya minyoo aliondoka bila dawa.

Saa tisa simu ikalia. Eric. Amefurahi mpaka anapiga kelele. Dada wa mkewe, daktari wa mifugo, amefika kutoka Uskoti bila kutarajiwa, atakaa na kondoo kesho siku nzima. "Nipo, Wilf! Waambie Hawthwaite waje na machela!"

Nikakaa juu ya gunia. Nikasema vizuri sana, Eric. Nikakata simu. Nikatoka mbio.

Mchanga ukilowa hauna rafiki. Nilivuta, nikapiga mateke, nikatukana, nikabembeleza. Kwa saa mbili nimetoa gunia moja. Moja! Na kiatu cha kushoto kimebaki humo. Mabata walikuwa wakinitazama.

Jumamosi, 23 Machi

Refa alifika saa tatu asubuhi kukagua. Akatembea hadi katikati akiwa na mpira, akaudondosha. Haukudunda. Ulielea, ukageuka, ukaelekea goli la kaskazini taratibu. Nikamwambia vijana wetu wamezoea majimaji, wanayapenda. Aliandika kitu. Mechi imeahirishwa hadi tarehe 13 Aprili.

Yaani nimepata nilichokitaka Alhamisi, siku moja baada ya kuacha kukitaka.

Saa nne kasorobo, simu: Nigel. Kabla hajasema nikampa habari: maji, hakuna mechi. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikasikia mkewe akimuuliza kama amepaliwa.

Akasema alikuwa ananipigia kusalimu amri. Ana watu kumi na mmoja tu kati ya kumi na watano. Wengine wote wako mabandani, kondoo wanazaa Hawthwaite nzima. Wasingeweza kuja. Na timu isipofika, kanuni iko wazi, mwenyeji anapewa pointi tano za mezani. Akaniambia, "Mungu aibariki hiyo mvua yenu, Wilf, mzee wangu."

Pointi tano! Ningelala tu kitandani, ningekula mayai yangu polepole, saa nne kasorobo tungekuwa tumebaki kwenye ligi! Nimejifungia bafuni saa nzima. Doreen aligonga akauliza kama naumwa. Ni maneno yake ya kwanza tangu Jumanne. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 24 Machi

Hilda ameniita klabuni. Kwenye meza ya jikoni: magunia matano yanachuruzika, na kiatu changu. Eric ameyavuta kwa trekta. Kila gunia lina jina la duka letu, na moja limeandikwa kwa mkono wangu, herufi kubwa: WILF – USIGUSE.

Nilijaribu kusema kwamba mafuriko huleta vitu kutoka mbali. Hilda akasema maji ya pale hutoka uwanjani, hayaingii. Nikaungama yote. Eric alicheka mpaka akaegemea jokofu. Hilda hakucheka. Alisema babu yake alichimba ule mtaro wa kalavati kwa koleo, yeye na watu wanane, kabla klabu haijawa hata na milingoti ya goli. Alisema tukishuka, nitarudisha funguo za klabu siku hiyo hiyo.

Hili limeniuma kuliko nilivyodhani. Mimi Jumamosi sina kingine. Kweli sijui watu wengine hufanya nini Jumamosi. Nimeona wanaosha magari.

Nimeapa mbele ya wote wawili: hakuna mipango tena. Nimeapa kwa moyo mmoja.

Jumamosi, 13 Aprili

Sina sauti! Naandika kwa sababu siwezi kusema!

Kwanza niweke wazi: kwenye ligi yetu kila klabu huleta mshika kibendera wake. Wa kwetu ni mimi. Wa Hawthwaite ni Nigel. Tumekimbia alasiri nzima, yeye mstari ule, mimi mstari huu, tukitazamana vibaya kupitia miguu ya watu thelathini.

Hawthwaite wamekuja wote, wamenona, wamepumzika. Mapumziko, 17–3 yao. Nilihisi funguo zikiwa nzito mfukoni. Kipindi cha pili Eric akaamka! Skramu ya kwanza wakarudi nyuma. Ya pili wakarudi nyuma huku wakilalamika. Tukapata trai, mpira umelazwa nyuma ya mstari wao, na teke lake la nyongeza likapita, 17–10. Dakika zikaenda. Doreen alikuwa pembeni akipiga sufuria kwa mwiko. Keith naye alikuwepo, amenyooka karibu mwili wote, anapiga kelele, "Sukuma, Eric, sukuma! Walishe majani!"

Dakika ya mwisho, skramu mita tano kutoka mstari wao. Wanane wetu wakainama. Refa akaita. Wakaenda! Polepole, kama kabati linalosogezwa, lakini wakaenda, mita moja, mbili, tatu, Hawthwaite wakakunjika kama kitanda cha kambi, na Eric akaangukia mpira. Trai! 17–15!

Likabaki teke la nyongeza, pointi mbili. Likiingia, sare. Na sare inawabakisha wao!

Hapo nililia. Hesabu mpya sikuijua. Aliyeniambia ni refa: kwa kuwa mechi iliahirishwa tu, haikufutwa, orodha ya wachezaji wa tarehe 23 bado ilidaiwa, na Hawthwaite walikatwa pointi mbili wiki iliyopita kwa kutoituma. Hawakutuma kwa sababu hawakuwa na wachezaji! Barua ya ligi ilikuja kwangu. Niliiweka ndani ya kitabu cha kanuni bila kuifungua, kwa kuwa niliapa kuacha mipango. Tuko sawa kwa pointi! Sare inatupa sisi ubingwa wa kutoshuka, kwa kuwa tumefunga trai nyingi kuliko wao msimu mzima!

Washika vibendera wote wawili husimama chini ya milingoti wakati wa teke, kila mmoja na mlingoti wake. Kwa hiyo mimi na Nigel tulikuwa karibu bega kwa bega, tena dakika hiyo kuliko zote. Mpigaji akapiga. Nikafumba macho. Nakiri. Nilifumba.

Nikafumbua. Mpira ulipita juu ya mlingoti wa Nigel, ndani au nje kwa upana wa kidole, na yeye peke yake ndiye aliyeona. Angeweza kuacha mkono chini. Nani angembishia? Mimi ningeuacha chini. Nigel Thexton alinyanyua kibendera juu kabisa, mkono umenyooka, akaishusha daraja timu yake mwenyewe.

17–17. Tumebaki! Hilda alinibusu shavuni, halafu akakumbuka, akanisukuma. Nilimfuata Nigel nikamwambia alichofanya ni cha kiungwana. Akasema, "Uliingia, Wilf. Ulitaka nifanyeje?" Akala pai mbili, akapanda basi na wenzake.

Jumatano, 8 Mei

Siku nyeusi. Ratiba ya msimu ujao ilikuja jana jioni. Imejaa wageni. Klabu ya karibu kuliko zote ni mwendo wa saa mbili. Nimetafuta Hawthwaite mara tatu. Hawapo. Bila shaka hawapo. Ni sisi tuliowashusha.

Nani atanipigia simu dukani Jumatatu kuniudhi? Nitamkatia nani? Msimu mzima bila Nigel! Sikulala vizuri, na sioni haya kuandika.

Saa tano asubuhi nikapata. Kanuni ya kumi na tisa! Klabu yoyote yaweza kuomba kushuka daraja kwa hiari kwa sababu ya umbali wa safari. Barua moja, saini ya mwenyekiti, kabla ya tarehe kumi. Hilda yuko likizo Wales, kwa hiyo nimeweka saini kwa niaba yake, nzuri kuliko yake. Ndani ya sanduku la posta saa sita kamili! Septemba ni Skelbeck na Hawthwaite, nyumbani na ugenini! Hilda akirudi nitamweleza, atafurahi.

Baadaye, siku hiyo hiyo

Nigel amepiga simu. Anacheka, analia, sielewi. Klabu moja ya huko mbali imevunjika leo asubuhi, na ligi imewarudisha Hawthwaite palepale walipokuwa. Ananiambia tutaonana Septemba, Ligi ya Mabonde, nijiandae kwa kipigo.

Posta hufungua lile sanduku saa kumi na moja, na barua yangu bado imo. Sasa ni saa kumi na dakika ishirini. Tundu lake ni jembamba, lakini nimepima koleo la Doreen la kubania makaa, linapita. Tena wakati huu hakuna kinachoweza kuharibika. Huu ni mpango mzuri.